Majalada ya Siku za Eda

Mume wangu alipofariki aliniachia cherehani ambayo sikujua kuitumia, sanduku la bati lililojaa riwaya za kihistoria, na mama yake. Mama mkwe angenisuta akisikia nimemweka kwenye orodha moja na cherehani, lakini siku zile ndivyo nilivyoyaona mambo: chumba kimoja, vitu vilivyobaki, na mimi katikati nimevaa nguo nyeupe.

Ilikuwa Garissa, katikati ya miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa pwani, wa upande wa Lamu. Marehemu alikuwa Msomali wa Garissa, mwalimu wa historia. Tulikutana chuo cha ualimu, tukaoana, akanileta kwao. Tuliishi miaka miwili katika chumba cha mabati ndani ya ua wa mama yake, na hatukujaliwa mtoto. Kisha akashikwa na homa siku ya Jumapili, na Alhamisi tukamzika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano.

Nikaanza kukaa eda. Anayejua anajua, asiyejua nitamwambia kwa kifupi. Mjane wa Kiislamu hukaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura. Hapaki hina wala wanja, hajitii manukato, havai dhahabu wala nguo ya kupendeza. Sina ugomvi na sheria hiyo. Nilimpenda yule mtu na nilitaka kumwombolezea sawasawa. Ugomvi wangu ulikuwa na chumba.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Ningenyoosha mkono ningeugusa. Kufika saa nne asubuhi mabati yalianza kulia kwa joto, tak, tak, nami nikaanza kuhama na mkeka wangu kufuata upande uliobaki na nafuu, ukutani, kisha mlangoni, kisha chini ya kitanda kama paka. Nje palikuwa na ua uliozungushiwa miiba, na nje ya miiba palikuwa na mji mzima nisiouona. Nilisikia mbuzi wakipelekwa sokoni, nikasikia watu wakisalimiana, nikasikia basi la Nairobi likipiga honi. Mama yangu mzazi alikuja kwenye msiba, akakaa wiki moja. Barabara zilikuwa mbaya wakati huo, majambazi kila mahali, na mabasi yalisafiri kwa msafara wenye askari. Msafara ulipopatikana ilibidi aondoke nao. Akanishika uso, akaniambia, "Vumilia, mwanangu, ni miezi michache." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba huenda isiwe miezi michache.

Maana kulikuwa na jambo la shemeji. Kwa Wasomali, mume akifa, mjane huolewa na ndugu wa marehemu ili asitupwe nje ya ukoo. Wanaiita dumaal, na kwao ni heshima. Shemeji yangu aliishi Griftu, huko Wajir, na ngamia wake, mke wake na watoto wake. Mimi nilitaka kurudi kwetu nifundishe, nikae karibu na mama yangu, nisikie Kiswahili kikisemwa bila haraka. Hilo tu. Kisheria mjane huulizwa, na akikataa amekataa. Nilijua. Lakini nilijua pia namna ya kuulizwa: umekula chakula chao miezi minne, umekaa kwao, wamekutendea wema, wazee saba wamekaa kwenye mikeka na kila mmoja ni mjomba au ami wa marehemu, halafu unaulizwa, "Unaonaje, mwalimu?" Jibu limeshatiwa mdomoni, kazi yako ni kumeza.

Kumposa mjane aliye ndani ya eda ni haramu. Kudokeza hakukatazwi. Sijapata kuona watu wakitumia ruhusa kikamilifu kama wakwe zangu. Wanawake wa ukoo walikuja kunifariji, wakakaa, wakanywa chai, na kabla ya kuondoka mmoja atasema, akitazama dari, kwamba Griftu maziwa ni mengi mwaka huu. Mwingine atasema mke wa shemeji yangu ana roho safi, hagombani na mtu. Mmoja alinipapasa bega akaniambia kwa upole wa kweli, "Usiwe na wasiwasi, wewe hutatoka kwenye nyumba hii." Alikuwa akinifariji. Nilisikia kama komeo limeingia mahali pake.

Wiki ya tatu nikafungua sanduku. Nilitaka kusoma nisahau, lakini kusoma kulinishinda. Nilifika mwisho wa sentensi nikakuta sijaokota kitu. Basi nikaacha yaliyomo nikawa natazama majalada. Nilikuwa nimezuiliwa rangi mwilini mwangu, lakini hakuna aliyesema macho nayo yakae eda. Nilivitoa vitabu vyote, thelathini na kitu, nikavipanga sakafuni safu kwa safu, na chumba kikawa na watu.

Lazima niseme kuhusu marehemu na vitabu hivi. Alivinunua Nairobi, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini, na alichagua kwa jalada. Akishanunua, alilitukana jalada hilo mwezi mzima. "Tazama huyu," ataniambia, "vita ni vya miaka mia sita nyuma na mpiganaji amevaa viatu vya kamba!" Alikuwa na hasira na wachoraji wasiosoma vitabu wanavyovichorea. Nilikuwa namcheka. Sasa nilikaa na wachoraji wake, hana wa kuwatukana, nikaanza kuwaelewa.

Kulikuwa na kimoja chekundu chote, kuanzia juu hadi chini. Chini kabisa, ukuta wa ngome mweusi, mwembamba kama uzi. Juu kulia, kidirisha kimoja cha njano. Basi, hakuna kingine. Jina la kitabu limewekwa pembeni kwa herufi ndogo kama mtu anayeomba radhi. Nilishangaa ujasiri wa mtu aliyepewa karatasi nzima akaamua kuiacha tupu. Ukikitazama kwa muda unaona kwamba uwekundu wote ule ndio mji unaoungua, na wewe unayetazama uko nje ya ngome pamoja na adui. Nilikitazama asubuhi nzima. Nilitamani kuwa nje ya ngome yoyote, hata pamoja na adui.

Kingine kilikuwa cha msafara wa wapagazi wa pembe za ndovu. Ukikishika kawaida unaona kiongozi tu, kifua mbele, bendera mkononi. Ukikifungua ukakilaza kifudifudi, unaona msafara unapita mgongo wa kitabu na kuendelea nyuma, watu wakizidi kuwa wadogo na wamechoka, hadi mwisho kabisa, karibu na pembe ya chini, kuna mmoja aliyebaki peke yake amefungwa kitambaa mguuni. Mchapishaji alikuwa amebandika maelezo ya kitabu karibu amfunike. Mchoraji alijua wengi hawatamwona huyo. Alimchora hata hivyo, na kitambaa chake akakitia doa. Nilikaa naye siku mbili.

Na kulikuwa na malkia aliyechapwa vibaya. Unajua uchapaji wa bei rahisi, rangi moja inapigwa juu ya nyingine, na karatasi ikisogea kidogo mambo yanaharibika. Wekundu wa midomo yake ulikuwa umehamia shavuni. Alitakiwa kuwa na fahari, akawa kama mtu aliyeitwa mlangoni kabla hajamaliza kula. Nilimpenda kuliko wote.

Mama mkwe aliamua kwamba sitakiwi kukaa peke yangu, kwa hiyo alikuja kuswali chumbani kwangu, vipindi vyote. Alikuwa mwanamke mrefu, mifupa mitupu, mwenye sauti ya kuita mifugo. Nilimwita hooyo, yaani mama, kama mwanawe alivyomwita. Yeye aliniita mwalimu, na kwa sababu Kisomali changu kilikuwa cha kuombea maji na chumvi, tulizungumza Kiswahili, nacho yeye alikiendesha apendavyo, p ikawa b, v ikawa f. Siku ya kwanza alipoona sakafu imejaa nyuso, alisimama mlangoni na mkeka wake wa kuswalia.

"Watu hawa wote wanatoka wabi?"

"Vitabu vya marehemu, hooyo."

Hakusema nivifiche. Aliinama akavigeuza kimoja kimoja, kifudifudi, maana haifai kuswali mbele ya picha. Akaswali. Akaenda zake. Ilikuwa hivyo mara tano kwa siku kwa muda wa wiki kadhaa: yeye anageuza, mimi nageuza. Mwezi wa pili nikaona kwamba akishatoa salamu, anavigeuza mwenyewe. Kisha anakaa anavitazama, tasbihi mkononi. Hakujua kusoma hata herufi moja, na nadhani ndiyo sababu aliona kuliko mimi.

"Hii ngamia nani amechora?" aliniuliza siku moja. Alikuwa ameokota kitabu cha jangwani, na mwanamume mwenye kilemba akimwongoza ngamia.

"Sijui, hooyo. Mtu wa Ulaya, nafikiri."

"Hajaona ngamia, huyo. Ameona bunda, akaongeza nundu." Akaweka kitabu chini, akasimama. "Ngamia hatembei hifi. Bunda ndio natembea hifi, mguu ya huku na mguu ya kule. Ngamia ni hifi." Na mama mkwe wangu, mjane wa miaka sitini na zaidi, aliyemzika mwanawe juzijuzi, akavuka chumba changu kwa kutembea kama ngamia, mkono na mguu wa kulia pamoja, kisha mkono na mguu wa kushoto pamoja, shingo mbele, uso wa dharau. Alifika ukutani akageuka akarudi.

Niliziba mdomo kwa mtandio. Sikujua kama mjane anaruhusiwa kucheka hivyo.

"Na hii mwanaume," akaendelea, akigonga jalada kwa kidole, "ngamia yake amebeba nyumba. Tazama, hii ni fijiti ya nyumba, hii ni mkeka. Mwanaume anaongoza nyumba? Ni yake?"

Akanieleza. Nyumba ya wafugaji, ile ya vijiti vilivyopindwa na mikeka, ni mali ya mwanamke. Yeye huijenga, huibomoa, huipakia juu ya ngamia, na yeye humwongoza ngamia huyo. Bibi harusi akihamia kwa mume, huenda hivyo na nyumba yake. Ukimwona mwanamke kwa mbali anaongoza ngamia aliyebeba nyumba, huna haja ya kuuliza, ana mume na anamfuata. Mwanamume kuonekana na kamba hiyo mkononi ni kichekesho. Alicheka hadi akafuta macho, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mazishi.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na kazi. Alihukumu kila jalada lenye mnyama, na lenye maji, na lenye mavazi. Malkia wangu alimwangalia kwa huruma akasema amechabwa na mtu mwenye usingizi. Yule mpagazi wa mwisho alimwona mara moja, bila kuonyeshwa, akauliza kama ndani ya kitabu anafika. Nikasema sijui. Akaniambia nisome nimwambie, na ni kwa ajili yake nilianza tena kusoma. Nilikuwa nimeanza kumpenda yule mama. Hilo lilinitia hofu kuliko joto la chumba, kwa sababu miiba ningeweza kuichukia, yeye sikuweza.

Mwezi wa tatu shemeji akaja kutoka Griftu. Sheria hairuhusu anione, basi alikaa uani na mimi nikakaa nyuma ya pazia la mlango. Alipotoa salamu nilishika fremu ya mlango. Ilikuwa sauti ya mume wangu, ile ile, na kikohozi kidogo kabla ya kusema. Mama mkwe akatoka na kile kitabu cha ngamia mbaya, akamwonyesha, wakacheka wote wawili, kisha nikasikia miguu ikivuta mchanga na nikajua hooyo anatembea tena kama ngamia. Baadaye shemeji akauliza, kupitia mama yake, kama nina upungufu wowote. Nilitaka kusema napungukiwa na hewa. Nikasema sina haja ya kitu, Mungu amlipe. Akaondoka kesho yake. Hakudokeza neno. Alikuwa mtu mwema, na naliandika hilo waziwazi kwa sababu ya yanayofuata.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili eda iishe. Asubuhi moja mama alikuwa ametoka kwenda kumwona mgonjwa, na akaja shangazi mmoja wa ukoo, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, amepanda lori la mifugo kutoka Griftu, anapita kwenda Nairobi kutibiwa. Nikampa chai. Akatoa kwenye kikapu kitu kilichofungwa kwa mfuko wa sukari.

"Kutoka kwa shemeji yako. Alikibata Wajir, kwa duka la fitu kuukuu. Amesema hifi: mwambie mwalimu, hii ngamia natembea sawasawa."

Alimaliza chai, akapumzika kidogo, akaondoka na basi la mchana. Nikafungua mfuko.

Nimeona majalada mengi maishani mwangu tangu siku hiyo, na bado sijaona linalolishinda lile. Rangi yake ilikuwa ya mchanga wa saa kumi jioni. Mstari wa ardhi ulikuwa chini sana, theluthi ya mwisho, na juu yote ilikuwa mbingu. Mwanamke aliyevaa nguo nyekundu alikuwa anatembea kutoka kulia kwenda kushoto, na nyuma yake ngamia amebeba vijiti vya nyumba vilivyopinda kama mbavu. Jina la kitabu lilikuwa limechapwa kwa herufi nyeusi, nene, palepale kwenye mstari wa ardhi, hivyo ngamia alikuwa akikanyaga herufi. Miguu yake miwili ya kushoto ilikuwa mbele. Mtu aliyemchora alikuwa amekaa na ngamia. Nilijua pia mara moja kwa nini shemeji alikinunua: alisimama dukani Wajir, hajui kitabu kinasema nini, akaona mguu umewekwa mahali pake, akakumbuka mama yake akitembea uani. Nililia kwa sababu ya ule wekundu. Miezi minne sikuwa nimeona nguo nyekundu ya mwanamke.

Mama aliporudi nilimkabidhi, nikingoja afurahi. Alikitazama. Hakutazama miguu ya ngamia. Alimtazama mwanamke.

"Nani ameleta?"

"Shangazi wa Griftu. Ametumwa na shemeji."

Akakaa chini polepole. "Inasema nini?"

"Bado sijakisoma, hooyo."

"Mimi nimesoma," akasema. "Mwanamke na nyumba yake anakwenda kwa mume. Siku kumi na nne imebaki. Mtoto yangu hakungoja."

Nilielewa wakati huohuo. Kwake ile haikuwa picha, ilikuwa posa, tena posa ya wazi, ndani ya eda. Alikuwa amekasirika. Akatafuta shali, akatafuta viatu, akasema anakwenda kwa sheikh, hatakubali mwanawe afanye haramu ndani ya nyumba yake. Kamba ya kiatu ilikataa. Alihangaika nayo pale mlangoni muda mrefu, mgongo ameupinda, na muda wote huo nilikuwa na maneno ya shangazi mdomoni: hii ngamia natembea sawasawa. Sentensi moja. Ingemaliza yote, angecheka, angeivua shali.

Sikusema. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Nilihesabu. Niliona nafasi kwenye miiba, upana wa mtu mmoja, nikanyamaza.

Shemeji aliitwa kwa taar, ile redio ya kuitana ambayo ndiyo ilikuwa simu yetu, akafika baada ya siku tano. Katika siku tano hizo nilikisoma kitabu chote. Kilikuwa cha vita vya wafalme wawili kwenye milima yenye theluji. Hakukuwa na jangwa. Hakukuwa na mwanamke mwenye nguo nyekundu. Ngamia hakutajwa hata kwa matusi. Marehemu angechemka.

Walikaa uani baada ya swala ya alasiri: sheikh, wazee wawili, mama mkwe, na shemeji peke yake upande wa pili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sheikh alikuwa mzee mpole aliyesoma Lamu zamani, Kiswahili chake kilikuwa safi, na kwa ajili yangu alikitumia. Kitabu kilikuwa mbele yake, juu ya mkeka. Alimwuliza shemeji kama ndiye aliyekituma.

"Ndiyo mimi."

"Kwa nia gani?"

Kikaja kile kikohozi kidogo. "Mwalimu anajua kwa nini nilituma," akasema.

Sheikh akaligeukia pazia. "Mwalimu, umekisoma?"

"Nimekisoma, sheikh."

"Kinahusu nini? Yumo ndani mwanamke huyu?"

"Hayumo. Ngamia pia hayumo. Ni vita vya mbali, kwenye baridi."

"Hakuna la mwanamke kuhama na nyumba?"

"Hakuna."

Kila neno lilikuwa kweli. Nikangoja shemeji aseme, mwulizeni kuhusu ujumbe wa shangazi. Ulikuwa mlango wazi kwake. Nilikuwa nimeshaandaa nitakavyobabaika. Alikaa kimya. Kupitia upenyo wa pazia niliona mikono yake magotini, imetulia, na nikajua amenielewa. Alijua ninachofanya, akaniachia nikifanye.

"Basi kama ndani hakuna," sheikh akasema, "hiyo picha ndiyo barua." Wazee wakaitikia. Akatoa uamuzi: shemeji amevuka mpaka wa eda, kwa hiyo hatatangulizwa kwa haki yoyote ya udugu. Eda ikiisha nitaulizwa mimi mwenyewe, chumbani mwangu, na wanawake wawili, bila mtu wa ukoo kukaa karibu, na nitakalosema halitajadiliwa tena. Kila mtu aliyekuwa pale alijua maana yake. Shemeji akainuka, akaaga kwa heshima, akaondoka na lori lililokuwa likirudi kaskazini. Watu wa Griftu walimtania kwa miaka, nilisikia baadaye, kwamba aliposa kwa kitabu asichoweza kukisoma.

Eda ikaisha. Nilioga, nikavaa dera la buluu, likanichoma macho. Wanawake wawili wakaja wakaniuliza, nikasema nataka kwetu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilikuwa nimefurahi, sitaficha. Nilifungasha huku naimba kimoyomoyo.

Asubuhi ya kuondoka, mama mkwe alinisindikiza hadi kituo cha basi akinibebea kikapu, akakataa nisikishike. Askari wa msafara walikuwa wanapanda gari lao. Tulisimama kwenye kivuli cha duka, kisha akasema, akitazama basi:

"Nilitaka ubaki, mwalimu. Niliomba Mungu ubaki. Kila swala."

Sikuamini masikio yangu. "Basi kwa nini ulikwenda kwa sheikh, hooyo? Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza, ungekaa kwangu kwa haramu." Akarekebisha shali. "Mimi sitaki mtoto anabaki kwa haramu. Ni afadhali sina."

Nilikuwa na nafasi tena pale. Ningemwambia kwamba hapakuwa na haramu, kwamba mwanawe hakuvuka mpaka wowote, alipenda mguu wa ngamia tu. Lakini ningekuwa nimemwambia kwamba amejinyima bure. Nilinyamaza mara ya pili, na safari hii sijui hata leo kama ilikuwa kwa ajili yake au kwa ajili ya basi.

"Huko kwenu, nani anakungoja?" akaniuliza.

"Mama yangu."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali hesabu. "Yeye amebata," akasema. "Mimi mwaka hii nimezika mtoto wawili."

Utingo akagonga ubavu wa basi. Akanikabidhi kikapu, nikapanda.